Magunia Yale Yalikuwa Yangu

Mwanangu Mbwana,

Salamu nimeziruka. Mtu humsalimu aliye mbali, na wewe uko nyuma ya ukuta huu, nakusikia unavyokoroma kama marehemu baba yako. Barua ya mama kwa mtoto aliyelala chumba cha pili ni kichekesho, najua. Lakini wanijua mdomo wangu. Nikikuweka mbele yangu nikasema ninalotaka kusema, katikati ya maneno mdomo utaanza kuamrisha, na nikishaamrisha wewe utajibu "Ndiyo mama", na tutakuwa tumerudi pale pale. Kalamu haina sauti. Tena ni ya taratibu, inanipa nafasi ya kujizuia.

Naandika kwa herufi za chuoni, zile za kuanzia kulia, maana nyingine sikufunzwa. Natumai hazijakutoka kichwani kwa wingi wa hesabu za shule ya Dar es Salaam. Ukikwama mahali, soma kwa sauti, utanisikia.

Habari za kula mapema, kufua nguo na kujihadhari na wezi wa Mombasa sitakuandikia. Dada yako Mwanaisha kakusomea hayo tangu alipokuja kukuaga, na mjomba wako Kombo kaongeza ya kwake, mpaka nilikuonea huruma. Mimi nina jambo moja tu. Limenikaa kifuani tangu likizo yako ndefu ya mwaka jana, na kesho ukipanda gari bila kulisikia kwangu, nitakuwa nimekufukuza nyumbani mara mbili.

Ndiyo, nimesema kukufukuza. Mtaa mzima unasema Mbwana anakwenda Mombasa kutafuta maisha. Mimi na wewe tunajua kwamba unakwenda kwa sababu Tanga yote hakuna nyumba ya mbata itakayokupa kazi, na tunajua sababu yake. Wewe hujaitaja hata siku moja, wala kwa jicho. Basi acha niitaje mimi.

Nianzie kwenye furaha, maana ilikuwapo. Ulikuja kutoka shule ukaniambia walimu wenu wa biashara wametaka kila mwanafunzi atumie likizo ile katika nyumba ya biashara, ajifunze kazi kwa mikono yake, kisha arudi aeleze alichokiona. Nikasema nenda kwa binamu wa baba yako, ana duka la nguo pale Tanga sokoni, utakaa kivulini na chai utaletewa. Ukakataa. Ukasema, "Mama, miaka yote tunakausha nazi ziwe mbata huko Bweni, tunaivusha kwa pantoni, inapakiwa kwenye lori, basi. Ikishafika Tanga hatujui inafanywa nini. Mimi nataka nikae kule mwisho niione." Neno lile lilinifurahisha sana, nikajifanya sikulisikia, nikakuambia uchukue ufagio ufagie uani.

Ulizunguka Tanga mpaka soli zikakuisha. Kila karani alikuambia njoo kesho. Ukarudi mikono mitupu, ukalala, ukaenda tena, mpaka ukampata Bwana Rajabu, msimamizi wa lile ghala la mbata karibu na bandari. Akakukubali kwa sharti kwamba utaanzia chini, kwenye vumbi, pamoja na wachukuzi. Ulirudi Pangani siku hiyo unacheka peke yako njiani kama mtu aliyeoteshwa.

Tukaanza kukutayarisha. Mshonaji akakukatia suruali nyeupe, nikakuambia nyeupe ya nini kwenye mbata, ukasema ndivyo makarani wanavyovaa. Viatu vikakubana. Ulikuwa ukivivaa jioni ukizunguka kisima ili vilainike, unatembea kama kuku mwenye kamba mguuni, na Mwanaisha anacheka mpaka anakaa chini. Ndivyo viatu hivi hivi ulivyovipiga rangi leo na kuviweka mlangoni.

Halafu ukaniambia, "Mama, n'fundishe mbata." Tukavuka Bweni. Tukakaa kwenye sakafu ya kuanikia, nikakufundisha kama alivyonifundisha baba yako. Nikakuambia usiitazame rangi, rangi ni msema uongo. Vunja kipande. Mbata kavu hukatika na mlio wake ukausikia, mbichi hupinda kama sikio la mtu. Inuse. Kisha ukipewa gunia, tia mkono mpaka katikati, maana mwenye hila hapangi hila yake juu. Ukumbuke nilikuambia, "Juu ya gunia ni harusini, katikati ndiko nyumbani kwa watu." Ulicheka sana, ukairudia njiani kote, mpaka mwenye pantoni akauliza ni maneno ya nani. Ukasema kwa majivuno, "Ya mamangu."

Ukaenda. Baadhi ya Ijumaa ulikuwa ukija na mkate wa kumimina na visa vya ghala: vumbi linavyokaba koo, vidudu vya mbata vinavyoingia mpaka masikioni, Bwana Rajabu anavyofoka asubuhi na kugawa chai yake mchana. Ijumaa moja ukaja umevimba kifua. Bwana Rajabu alikuwa amekukabidhi chaki. Wewe ndiye uliyekuwa ukivunja na kunusa, na gunia lililo zuri ukilichorea duara, likaingia ghalani. Akakuambia ukimaliza shule kuna nafasi ya karani wa kupokea mbata, nayo ni yako.

Nilitangaza habari ile tangu kivukoni mpaka mlango wa msikiti. Ningekuwa na ngoma ningepiga. Hapo ndipo kosa lilipoanza, mwanangu, kabla ya mvua, kabla ya magunia. Watu wakaanza kunipisha njiani. "Mama Mbwana, mwanao ndiye mwenye chaki ati?" Nami naitikia kwa kichwa, taratibu, kama mke wa liwali. Nikaanza kuiona chaki ile kuwa ni yangu, wewe unanishikia tu.

Harusi ya Mwanaisha ilikuwa imekaribia, watu wamekwisha kualikwa, na mbata yetu ndiyo iliyokuwa itutoe kwenye gharama. Ikaanikwa. Ikaja mvua ya mwisho ya masika, ile inayochelewa kwa makusudi, ikainyeshea yote. Tukaipandisha kichanjani tukawasha makumbi ya nazi chini yake, moshi ukapita, nje ikapata rangi nzuri kabisa. Nikavunja kipande. Kikapinda. Nikakitazama, nikakirudisha.

Nataka ujue hilo, kwamba nilijua. Sikudanganywa na rangi. Nilipakia ile mbichi katikati na ile ya zamani, iliyo kavu, nikaipanga juu na chini kwa mikono yangu. Mjomba wako Kombo alinishika mkono, akasema, "Dada, hii si bado?" Nikamjibu, "We peleka. Mwenye chaki wetu."

Kombo akapeleka. Ulimwamkia mjomba wako vizuri, ukampa kiti, kisha ukatia mkono katikati. Ukamvuta pembeni ukamwambia airudishe ikauke, na ikiletwa tena utahakikisha haikai foleni. Ungemtia adabu mbele za watu kama wanavyotiwa wengine, hukumtia. Kombo akabaki na magunia uwanjani, akanitumia habari kwa utingo wa lori. Nami bila kuoga, bila kumwambia mtu, nikatupia buibui nikapanda lori la kwanza.

Ulitoka nje ya ghala una vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo mama." Sikuitikia. Kwetu mama asiyeitikia shikamoo amekwisha kutangaza vita, na wachukuzi wote waliacha walichokuwa wakikifanya.

"Magunia yangu yana nini?" nikakuuliza.

"Mama, njoo ndani ukae n'kueleze."

"N'eleze hapa hapa. Na hawa wasikie mwana anavyomrudisha mamaake mlangoni."

Ukanisogelea, ukashusha sauti. "Mama, mbata haijakauka. Wajua we mwenyewe."

Hilo ndilo lililonichoma. Ulikuwa umesema kweli, tena kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia. Mama mwenye akili angekushukuru, angepandisha magunia yake kwenye lori akaenda zake. Mimi nikashika kifua changu, mbele ya wachukuzi na wauzaji waliotoka Mkwaja na Muheza, nikapaza sauti: "Mbwana, kama ni maziwa yangu uliyonyonya, magunia haya yatapita leo. Yasipopita sina radhi nawe, duniani wala ahera, na siku yangu ikifika usishike jeneza langu."

Mzee mmoja alisema, "Astaghfirullah, mama, usifike huko." Nilikuwa nimekwisha fika.

Ukanitazama. Kisha ukatoa chaki mfukoni ukapita gunia moja moja, ukachora duara, duara, duara. Hukuchora ovyo. Ulichora vizuri kama kwenye magunia yote yaliyo halali. Ulipomaliza ukanisindikiza mpaka kwenye lori, ukamwomba dereva anikalishe mbele nisipigwe na upepo, ukasema, "Fika salama, mama." Na mimi njia nzima nilijiona mshindi. Tulipopita kwenye minazi ya kwetu nilikuwa nikiimba ndani ya koo.

Nikuambie usilolijua. Maneno yale niliyarithi. Kabla ya baba yako niliolewa na mtu wa Mkwaja, na nilimpenda. Bibi yako akakosana na jamaa za mume huyo, kwa sababu hawakuja kwenye matanga ya ndugu yake na wala hawakutuma mtu. Akaniita nyumbani. Nikamwambia mama, mume wangu ana kosa gani? Akashika kifua chake vile vile, akaniambia nisiporudi maziwa yake yatanidai. Nikarudi. Baba yako alikuja baadaye, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na sikumjutia. Lakini mama yangu alizeeka, akaugua, akafa mikononi mwangu, na miaka yote ile nilimhudumia bila ya kumtazama machoni. Nilijiapia kwamba nikizaa, mtoto wangu hatayasikia maneno hayo kwangu. Uliyasikia, tena uwanjani, mbele ya wachukuzi.

Kinachofuata nilikipata kwa Kombo, maana wewe hukuniambia. Mbata yangu ilipata joto ndani ya rundo. Ikavunda, ikavundisha na ya wenzangu, na asubuhi moja rundo likakutwa linafuka. Ilibaki kidogo tu lishike moto, na watu wamo ndani. Wakalitoa lote nje kwa makoleo. Bwana Rajabu akauliza nani aliyapitisha magunia yale. Ukasema, "Mimi." Akauliza yalikuwa ya nani. Ukasema, "Kosa ni langu."

Akakunyang'anya chaki. Akakuweka kwenye kuchambua ile iliyooza, uitenge inayofaa na isiyofaa, kazi ambayo hata wachukuzi huikimbia kwa uvundo wake. Ungeweza kuacha. Likizo ilikuwa yako, na hakuna aliyekufunga kamba. Ulibaki ukachambua mpaka siku ya mwisho uliyoahidi, kisha ukamshukuru Bwana Rajabu kwa kukufundisha kazi, ukarudi nyumbani. Suruali ile nyeupe ilikuwa rangi ya matope. Niliifua, nikaianika, nikainusa, nikaifua tena. Harufu haikutoka. Na sikukuuliza ni harufu ya nini.

Wewe unadhani nalia kwa ajili ya siku ile ya ghalani. Hapana, kuna siku nyingine, na huenda wewe umeisahau, Inshallah umeisahau. Tulikuwa barazani na wenzangu tunasuka ukili. Jirani mmoja akasema, "Mama Mbwana, mbona ile kazi ya Tanga hatuisikii tena?" Nami nikajibu bila kuacha kusuka, "Vijana wa shule hawa, wenzangu! Kalamu wanaiweza, kazi ya mikono inawashinda." Wakacheka. Nikacheka. Nilipoinua macho ulikuwa umesimama mlangoni na mkate wa kumimina mkononi, ule ninaoupenda, wenye iliki nyingi.

"Shikamooni," ukasema. Ukauweka mkate kwenye sinia, ukaingia ndani.

Hilo la pili linaniwasha kuliko la kwanza. Siku ya magunia nilikuwa na hasira, na hasira ni wazimu wa muda, mtu atasema alipandwa na kitu. Siku ya ukili nilikuwa nimetulia. Nilikuuza kwa kicheko cha majirani ili wasiniulize zaidi, na wewe uliyenibeba bado ulikuwa na mkate wangu mkononi. Usiku ule niliula mkate ule. Nakuambia hata hilo, ujue mama yako ni mtu wa namna gani.

Mwaka huu ukamaliza shule. Ukazunguka Tanga tena na viatu vile vile, na safari hii hukuambiwa njoo kesho. Walikuwa wakikutazama, wananong'onezana, "Ndiye yule wa mbata iliyofuka." Ulikuwa ukirudi jioni, nikikuuliza vipi, unasema, "Bado mama, itapatikana." Rafiki yako wa shule akakupatia nafasi kwa mfanyabiashara wa nafaka Mombasa, ambako ukishavuka mpaka pale Horohoro hakuna anayekujua wewe wala magunia yangu. Nikasema Alhamdulillahi mbele yako. Kisha nikaenda chooni nikakaa muda mrefu.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Alhamisi iliyopita nilipokuambia nakwenda Tanga kumwona Mwanaisha, nilikudanganya. Nilimwona, lakini baadaye. Kwanza nilikwenda ghalani.

Nilisimama uwanjani pale pale. Baadhi ya wachukuzi ni wale wale, na waliponiona wakaanza kusogea, wakidhani nimekuja na kiapo kingine. Nikamwomba Bwana Rajabu atoke nje. Kanikaribisha ofisini, nikakataa, nikasema nilichokiharibu nilikiharibia hapa.

Nikasema, "Bwana Rajabu, mimi mamaake Mbwana. Mbata iliyofuka mwaka jana ilikuwa yangu, na nilijua ni mbichi. Yeye aliirudisha. Nikamwapiza kwa maziwa yangu, ndipo akaipitisha. Hawa ni mashahidi."

Nilijiweka tayari kwa matusi. Yeye akakung'uta vumbi mikononi, akasema, "Najua, mama. Walin'ambia siku ile ile. Sauti yako ilifika mpaka forodhani, kuna asiyejua?"

"Kama wajua, mbona ulimnyang'anya kazi?"

"Nilimwuliza, mama. Nilimwuliza mbele za watu, nikamwuliza na peke yake. Magunia ya nani? Nilitaka aseme tu, 'Ya mamangu, alin'apiza, nikashindwa.' Nani asingemwelewa? Sote tuna mama. Lakini akanificha, na mimi ghala langu hulala watu ndani. Karani akinificha moja, la pili nitalijuaje?"

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze na buibui langu. Mwaka mzima nilijua kwamba ulipoteza kazi kwa ajili ya mbata yangu. Kumbe mbata ungesamehewa. Uliipoteza kwa kunisitiri mimi, na mimi wakati unanisitiri nilikuwa barazani nakucheka.

Nikalia pale, kwa sauti, bila haya. Wakaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nilipotulia Bwana Rajabu akauliza, "Kamaliza shule?" Nikasema kamaliza. Akasema, "Msimu unaanza. Mwenye magunia keshasema mwenyewe, basi limekwisha. Mwambie aje, akitaka. Kijana aliyechambua uvundo ule mpaka siku ya mwisho na kun'ambia asante, simpati kila mwaka."

Basi ndilo hilo. Mlango wa Tanga uko wazi, tangu Alhamisi, na mimi nimekaa nalo nikikutazama unafunga sanduku.

Utauliza kwa nini nimelificha. Kwanza nilirudi mbio mbio nikupe. Kwenye gari nikajisikia nimeanza kupanga: utakuwa Tanga, utakuja Ijumaa na mkate, nitakutafutia mke hapa hapa Pangani, na nikifa utafika kabla sijaoshwa. Nikaona furaha ile ni yangu, wewe humo. Nikajua nikikuambia kwa mdomo nitalisema kwa namna ambayo huwezi kukataa, hata nisipotaja maziwa. Nilimwambia Kombo. Akasema, "Mfungulie sanduku mara moja, mtoto wa kiume mmoja, unampeleka wapi?" Nikamwambia aniachie. Kisha nikaogopa upande wa pili, kwamba nikinyamaza ukaenda, nitakuwa nimepanga tena kavu juu na mbichi katikati. Ndiyo maana kalamu.

Sasa gunia nimelimwaga lote sakafuni. Tia mkono popote upendapo.

Sitakuambia uende wala ubaki. Huko Mombasa umeahidi watu, na nimekuona wiki hii unavyotembea, wepesi ule ulikuwa umekutoka tangu mwaka jana. Huenda unataka kwenda hata bila ya sababu yangu, na una haki. Huenda unataka Tanga na chaki yako. Mimi nitauma ulimi. Ukiniona nimeuma ulimi kesho usinihurumie, ulimi huu unastahili kuumwa.

Na neno moja la mzazi, kama bado ninaruhusiwa. Popote utakaposhika kazi, siku moja atakuja mtu unayempenda na gunia lake bichi. Siwezi kukufundisha la kufanya siku hiyo, maana mimi ndiye niliyekushinda. Ila unikumbuke mimi vizuri, mwanangu. Pale uliponong'ona "wajua we mwenyewe" ulikuwa umenipenda, na mimi nikadhani umenitupa. Pale ulipochora duara nikadhani nimependwa. Imenichukua mwaka mzima kuligeuza hilo kichwani. Na baada ya hapo usinifiche tena, si kwa Bwana Rajabu, si kwa mtu yeyote. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi ulinifunika vizuri mno mwaka mzima, nikashindwa hata kutubu.

Karibu alfajiri. Umeacha kukoroma, umegeuka upande wa pili. Barua hii naitia ndani ya kiatu chako cha kulia, ili mguu usiweze kuondoka wala kubaki bila kuipitia.

Ukimaliza kuisoma, njoo uani. Nitakuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya vitumbua, vya njiani au vya nyumbani, utaamua wewe. Desturi ni kwamba anayesafiri huinama mbele ya mama yake akaomba radhi, na mama akamwekea mkono kichwani. Usiiname kesho. Radhi yangu unayo, nimekupa sasa hivi nikiandika, na ile niliyoifungia masharti uwanjani naifungua mbele ya Mwenyezi Mungu. Ukienda inakwenda nawe, ukibaki inabaki nawe, ukinikasirikia maisha yako yote haipungui.

Lakini nitakuuliza kitu, na nakuomba usinijibu "Hapana mama, usiseme hivyo", kama ulivyozoea. Nitaacha kukuna nazi, nitakutazama machoni, jambo ambalo sikumfanyia mama yangu mpaka akafa, nami nitakuuliza kama umeniwia radhi. Kama bado, sema bado. Chukua sanduku lako, nitakushikia mlango, na nitangoja. Kama tayari, liseme kwa mdomo wako, nilisikie. Umeninyamazia vya kutosha.

Ni mimi mama yako, mwenye yale magunia.